Pumu kwa watu wazima: Hatari haiishii usiku wa kubanwa

MVUA za Dodoma hunyesha msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo nyanda za kati hukauka, upepo huinua vumbi, na wenye pumu huanza kubanwa vifua.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji huo kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, ujenzi wa barabara, ofisi na nyumba umeongezeka. Katika majiko mengi, kuni na mkaa bado ndiyo nishati kuu. Vumbi na moshi, vyote ni vichochezi vya pumu.

Hata hivyo, hatari kubwa imo katika namna tunavyouelewa ugonjwa huu. Wengi huuhesabu kuwa tukio: mtu hubanwa, hupata dawa ya kufungua njia za hewa, hupumua vema, kisha husahau. Ukweli ni kwamba pumu ni uvimbe wa kudumu ndani ya njia hizo. Usipodhibitiwa kwa miaka mingi, kuta zake huweza kunenepa na kukakamaa, mgonjwa akabaki na upungufu wa pumzi usioondoka tena.

Ndiyo maana mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu uliacha kupendekeza dawa ya kufungua njia za hewa itumike peke yake kwa watu wazima. Inayotakiwa ni dawa ya kuvuta yenye steroidi, ambayo hutuliza uvimbe wenyewe. Inapokosekana, mgonjwa hurudia vidonge vya steroidi. Vidonge hivyo huokoa maisha katika shambulio kali, lakini vikitumika kwa muda mrefu huweza kuleta udhaifu wa mifupa, kisukari, shinikizo la damu na mtoto wa jicho.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo.

Mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni hatua njema, lakini kupunguza moshi hakutoshi bila dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mjini Dodoma mwaka 2023, haina budi kupimwa kwa jambo hili: je, mkulima wa Bahi au Kongwa ataipata dawa ya kuvuta karibu na kwake kila mwezi, angali mzima, au ataifuata hospitali akiwa taabani?