Maji ya Simbilisi

Mtume wetu (S.A.W.) ametusimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula wala maji. Twawakumbusha vijana wa Karagwe na Kyerwa wafugao simbilisi, maana wako wasemao kwamba mnyama huyu hanywi maji. Sivyo. Wakati wa mvua majani mabichi humpunguzia kiu. Lakini Juni hata Agosti, nyasi zikaukapo, aliyemo kizimbani atakunywa wapi?

Bakuli zito la udongo halipinduki, ila yeye hulikanyaga na kulichafua. Twaona chupa yenye mrija wa chuma na gololi ni bora. Ifungwe kimo cha mdomo wake, tena kivulini, kwani jua huotesha ukijani ndani. Maji yabadilishwe kila siku. Chupa na mrija visuguliwe kwa brashi na sabuni, visuuzwe mpaka harufu iishe. Kisha iguseni gololi kwa kidole. Chembe za majani kinywani mwake huingia mrijani zikauziba; chupa yaonekana imejaa, kumbe mnyama ana kiu tangu jana! Mtoto aitazame asubuhi kabla ya kwenda chuoni, na mzazi jioni.