Jiwe lina cheti, mutu hana

Kuna wanaosema kwamba blokcheni ndiyo itamaliza shida ya vitambulisho na ya mashamba. Mimi ninakataa.

Blokcheni ni daftari moja lenye nakala kwenye kompyuta nyingi. Kila ukurasa mupya unafungwa kwa muhuri unaotokana na ukurasa uliotangulia. Ukibadilisha neno la zamani, mihuri haipatani tena. Mwenye mali ana ufunguo wa siri, namba ndefu, ndiyo anatia nayo sahihi. Hesabu inahakikisha sahihi hiyo bila kuuona ufunguo. Kazi nzuri, sibishi.

Lakini hesabu inajua ufunguo tu, haijui nani ameushika. Ufunguo ukiwa kwenye simu, na simu ikazama Lufira, utadai shamba kwa nini? Tena daftari linalinda kilichoandikwa, kiwe kweli ao uongo. Kama wa kwanza kuandikisha shamba lako ni yule aliyekufukuza, ni uongo wake utakaolindwa.

Tukumbuke Likasi mwaka wa 1992. Familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa, zikalala kwenye gare zikingojea treni. Nyumba zao zilinyanganywa ao kuuzwa kwa bei ya kutupa. Karatasi ya nyumba haikusimamisha fujo ile. Kilichokosekana ni mukono wa kumulinda mwenye nyumba.

Mwaka wa 2019, IBM na Ford pamoja na wenzao walitangaza jaribio la kufuata kobalti ya Kongo kwa blokcheni, toka muchimbo hadi kiwandani. Jiwe likapewa historia yake. Lakini watu wa inchi hii walihesabiwa mara ya mwisho mwaka wa 1984, na wengi wetu tunajitambulisha kwa karte ya uchaguzi tu.

Basi tuanze hapa. Mutoto aandikishwe eta-sivili kabla ya siku 90, bure, kama sheria inavyosema. Mipaka ya mashamba ishuhudiwe na chifu pamoja na majirani, waliohama wakiitwa nao. Pawe pahali pa kulalamika na kusahihisha. Kisha mulete mashine zenu.

Na anayetuletea daftari lisilofutika atuambie kwanza: kalamu atashika nani?