Rafiki yangu alizuru Granada, mimi hata Thimlich nilikuwa sijafika

Rafiki yangu wa chuo alirudi muhula uliopita na picha zaidi ya mia tatu kwenye simu. Likizo yake yote ndefu aliimalizia kusini mwa Uhispania, kwa shangazi yake anayefanya kazi Málaga. Kila wiki anatia nguo mbili kwenye mkoba, anapanda basi, anaenda mji mwingine. Granada. Córdoba. Sevilla. Cádiz. Analala kwenye vyumba vya wanafunzi vyenye vitanda vinne, anakula mkate na jibini, asubuhi anatembea hadi miguu iwake moto.

Tulikaa nje ya hosteli akinionyesha. Córdoba kuna msikiti ulioanza kujengwa mwaka 785, siku hizi ni kanisa kuu, na ndani nguzo zimejipanga kama mahindi shambani. Sevilla michungwa imepandwa kando ya barabara kama sisi tunavyopanda mikalitusi, ila ukionja tunda unatema, maana ni narinji, chungu balaa. Na Granada kuna Alhambra, ngome ya wafalme wa Kiislamu waliotawala hapo hadi mwaka 1492. Ili uingie lazima ukate tikiti mapema, watu ni wengi hivyo.

Halafu akaniuliza, "Na kwenu Macalder kuna nini?"

"Dhahabu," nikasema. "Na vumbi."

Tukacheka. Lakini hakuishia hapo. "Si ndiko kuna ile ngome ya mawe? Thimlich Ohinga? Niliiona kwenye orodha ya UNESCO nikitafuta habari za Alhambra. Ndani kukoje?"

Nikamwambia kuko poa. Nilidanganya. Nimezaliwa Nyatike, nimesomea Nyatike hadi Kidato cha Nne, na sijawahi kutia mguu mahali pale. Mtu wa Nairobi aliyekuwa Uhispania ndiye aliyekuwa akinieleza kwamba ngome iliyo ng'ambo ya mto Kuja, mwendo wa bodaboda kutoka kwetu, iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Mwaka huo nilikuwa shule ya msingi. Hakuna mwalimu aliyetutajia, au kama alitaja basi nilikuwa nimelala.

Kwa hivyo leo nataka kusema jambo kuhusu likizo zetu, hasa sisi wa huku.

Kwa asiyejua, Macalder ni mji uliozaliwa na mgodi. Wazungu walichimba shaba na dhahabu hapa tangu enzi za ukoloni, mgodi ukafungwa mwaka 1966, wakaondoka na mitambo yao wakatuachia jina na vilima vya mchanga. Tangu hapo kila mtu huchimba kivyake. Shule zikifungwa, mvulana wa miaka kumi na minne anajua aendako. Kuna wanaoshuka shimoni kwa kamba, kuna wanaopiga mawe kwa nyundo, kuna wanaoosha unga wa mawe na kuchanganya na zebaki kwa mikono mitupu. Mimi nilikuwa muoshaji. Sitajifanya malaika nikawatukana walio huko, kwa sababu viatu vyangu vya Kidato cha Kwanza vilitoka kwenye karai la kuoshea. Lakini tulikuwa watatu likizo ile ya Agosti, tukaapa kurudi shule muhula wa tatu. Nilirudi peke yangu.

Wasichana nao likizo yao ni maji, kuni, wadogo zao, na meza ya omena sokoni Sori. Mtoto wa Macalder anaweza kumaliza shule akiwa amefika Migori mjini mara nne, zote kununua sare au kwenda hospitali.

Likizo iliyofuata nikaamua naenda. Nilikuwa na akiba kidogo kutoka kwa kazi ya kuchapa kazi za wenzangu, na nikapiga hesabu kwamba siku nne hazitanimaliza. Hazikunimaliza: zote, nauli, chakula na malazi, hazikufika shilingi 4,000. Nyumbani mama alidhani nina mchumba huko.

Siku ya kwanza nilitafuta bodaboda. Jamaa akaniuliza, "Omera, unaenda matanga?" Nikamwambia naenda kuangalia mawe. Aliniangalia kama mtu aliyelewa asubuhi, lakini alinipeleka, na tulipofika akazima pikipiki akaingia na mimi. Yeye pia alikuwa hajawahi kuingia, ingawa kwa mdomo wake ameshusha abiria langoni mara nyingi.

Sasa nikuelezeni. Ni kuta za mawe matupu, bila saruji, bila udongo wa kushikanisha, jiwe juu ya jiwe. Pengine zinakufika kifuani, pengine zinapita mita nne, na unene wake ni kati ya mita moja na tatu. Wataalamu wanasema huenda zilijengwa karne ya 16. Kuna maboma manne makubwa, kila moja na jina lake: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Milango imefanywa mifupi makusudi. Adui akitaka kuingia lazima ainame, na akiinama kichwa ndicho kinachotangulia, unaelewa mwenyewe kinachofuata. Ndani kuna mahali pa ng'ombe, alama za nyumba zilipokuwa, na miti ya bondo iliyosimama kama vinara vya mishumaa. Jamii moja ilihama, nyingine ikaja ikakarabati ukuta ikaishi, hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Si Waluo peke yao. Hata kabla ya babu zetu kufika kulikuwa na wenyewe. Jina lenyewe kwa Dholuo ni onyo: msitu mnene wa kutisha.

Yule wa boda alipitisha kiganja ukutani muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe kuta zangu za nyumbani zilizopasuka mwaka jana nilizijenga vibaya." Kwangu maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko vibao vyote vya maelezo pale.

Wakati wa kurudi tulipitia Gogo. Pale kwenye maporomoko ya Kuja kuna mtambo wa umeme wa megawati 2, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuupa mgodi wa Macalder umeme. Yaani mto wetu ulianza kuzalisha umeme kwa ajili ya mawe kabla ya watu. Nimepita njia ile tangu utotoni nikidhani ni bwawa la kuvulia samaki tu. Ukishajua hilo, swali la nani amepata nini kutokana na mto huu linakuja lenyewe, huhitaji mwanasiasa akuulizie kwenye mkutano.

Siku ya pili nilipanda matatu kwenda Migori, nikashuka Rongo, nikachukua nyingine hadi Homa Bay. Mji wenyewe sitausifia sana, kelele ni nyingi na jua halina huruma, ila samaki wake jamani! Kutoka hapo kwenda Mbita barabara inapita bonde la Lambwe. Zamani watu waliliogopa kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, na ndiyo maana wanyama walibaki. Mbuga ya Ruma iko hapo, kilomita 120 za mraba, na ndimo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Sikuingia. Hakuna matatu inayoingia mbugani, na gari la kukodi lingekula nauli yangu yote. Nililiangalia bonde kupitia dirisha, basi.

Siku ya tatu nilivuka daraja la Mbita hadi kisiwa cha Rusinga, nikaenda kwenye kaburi la Tom Mboya. Jengo lake limefanywa kwa umbo la risasi, kama ile iliyomuua Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Nilikuwa nalijua hilo la kifo. Nilichokuwa sikukitia akilini ni safari. Mwezi Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi alioshughulikia kuwatafutia nafasi na nauli iliondoka kwenda Marekani ikiwa na vijana 81. Wengine walikuwa hawajawahi kuona hata Nairobi vizuri. Mboya aliamini kijana akitoka akaona, atarudi na kitu. Na hapa nimesimama mimi, kilomita chache kutoka nyumbani, nikihesabu kwamba hii ndiyo safari yangu ndefu zaidi niliyoipanga mwenyewe.

Najua mtakachoniambia. Pesa. Nakubali, na sitaki kulipita jambo hili mbio. Nilipokuwa Kidato cha Tatu shule yetu ilipanga ziara ya Mombasa. Bei iliyotajwa ilikuwa zaidi ya karo ya nusu muhula. Walioweza walienda, wakarudi na kofia za majani, na sisi tuliobaki tuliambiwa tufyeke uwanja. Sina kinyongo na Mombasa, nitaiona siku moja. Lakini lori moja la kukodi lingetufikisha darasa zima Thimlich na kuturudisha kabla ya chakula cha jioni, hata mtoto anayeosha dhahabu angelipa. Kwa nini hakuna aliyewaza hivyo? Kwa sababu tumezoea kwamba ziara ni kwenda mbali, na cha karibu si kitu cha kuonwa.

Wenye Alhambra nao waliwahi kuwa hivyo. Ile ngome wanayoisimamia leo kwa tikiti za mapema iliachwa miaka mingi, watu maskini wakaishi ndani, na wanajeshi wa Napoleon walipoondoka mwaka 1812 walilipua baadhi ya minara. Ilitangazwa mali ya taifa mwaka 1870, na kuitengeneza kumechukua vizazi. Leo watu zaidi ya milioni mbili huitembelea kwa mwaka. Sisemi Thimlich itakuwa Granada. Hatuna uwanja wa ndege kama Málaga, na barabara ya kwenda pale mvua ikinyesha mnaijua. Nasema tu kwamba kwanza lazima wenyeji waijali, na hutajali usichokijua. Siku wakija watu kupima ardhi au kuchimba karibu na maboma yale madogo yaliyotapakaa Nyatike yasiyo na mlinzi, nani atapiga kelele? Kwenye vijiji vyetu mawe ya kuta kama hizo yamebebwa kujengea misingi ya vyoo. Nimeyaona kwa macho yangu nikirudi, na zamani nisingejua ninachokiona.

Jambo jingine linanisumbua zaidi, na sina jibu lake zuri. Mimi ni mvulana. Nililala Mbita kwenye chumba cha bei ya chini na hakuna aliyeniuliza swali. Dada yangu mdogo, aliye Kidato cha Tatu, aliposikia habari zangu alisema naye ataenda Agosti na wenzake wawili. Nyumba nzima ikalipuka. Mtaenda na nani, mtalala wapi, watu watasema nini. Mama hana makosa. Anajua yanayowapata wasichana wa ufuoni. Lakini yeye huyo huyo humtuma Sori alfajiri peke yake kuchukua omena, njia iliyojaa wanaume, na hapo hatari haitajwi. Kazi inaruhusiwa, kuona hakuruhusiwi. Nilimwambia mama hivyo. Alinyamaza, halafu akaniambia nimeanza kuwa na mdomo tangu niende chuo.

Ninachowaomba walimu wa huku si kikubwa. Mwaka huu, kabla ya kuandika barua ya ziara ya Mombasa, wapelekeni wote Thimlich na Gogo kwa siku moja. Mkiwa na nguvu, fikeni Rusinga. Na wewe unayesoma haya ukiwa umepumzika kando ya shimo, mikono ina matope: sikwambii uache, najua kinachokupeleka. Toa siku moja.

Siku ya nne nilirudi kwa njia ya ziwani, Sindo, Magunga, Karungu, hadi Sori, maji yakiwa upande wa kulia karibu safari nzima. Mmoja wa wale wenzangu wawili ambao hawakurudi shule nilimkuta Macalder kwenye mashine ya kusaga mawe, mweupe kwa unga hadi kope. Nikamwonyesha picha. Alizipitisha haraka haraka, akasimama kwenye ule mlango mfupi wa Kochieng, akaukuza kwa vidole.

"Hapa boda ni ngapi?" akauliza.

Nikamtajia. Akasema ni nyingi, jamaa aliniibia, yeye anamjua mtu atakayetupeleka kwa nusu. Tumekubaliana Jumapili ya kwanza ya Agosti. Dada yangu anakuja na wenzake. Mama naye amesema kama ni hivyo, basi na yeye atakuwa kwenye safari hiyo, kwa sababu hajawahi kuona hayo mawe na ameishi hapa miaka hamsini.