Dirisha liko Mkunazini, kompyuta iko Ulaya: kamba ikikatwa je?



Juzi baada ya alasiri nimekaa zangu kwenye kafe moja ya intaneti huku Mji Mkongwe, akaja kijana mmoja tunayejuana. Anasoma chuo, na pembeni anafanya kazi ya kuchora ramani kwa tajiri aliye Ulaya. Kaja ananong'ona kama mtu anayeuza magendo: "Kaka, hebu nambie, hii SSH ndiyo VPN? Maana nasikia ukishikwa na VPN faini yake ni mamilioni. Na mie kazi yangu yote inapita humo."

Nilicheka kwanza. Halafu nikanyamaza, kwa sababu swali lake ni zito kuliko mengi tunayobishania barazani. Kijana anafanya kazi ya halali, anapata riziki yake, na bado anaona aibu kama mwizi. Leo naomba tulichambue jambo hili taratibu. Wataalamu mtanivumilia, naandika kwa wale wanaolipia kompyuta kwa saa.

KWANZA, ANAFANYA NINI HASA?

Laptopu yake ni mkweche. Ukifungua programu ya ramani kama QGIS unaweza kwenda kunywa chai ukarudi bado inafikiria. Anachofanya ni kuandika amri fupi, ssh -X kisha jina lake na jina la mashine iliyoko Ulaya. Akishaingia anaandika qgis, na dirisha la programu linafunguka hapa kwake Mkunazini. Lakini programu yenyewe haipo hapa. Inakimbia kule, kwenye mashine kubwa yenye kumbukumbu ya kutosha. Huku kinakuja kidirisha tu. Akibonyeza kipanya, habari inakwenda kule, na amri za kuchora zinarudi huku.

Kitu kinachowezesha hayo ni X, mfumo wa madirisha uliozaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Toleo la 11 likatoka 1987, ndiyo maana watu wanasema X11. Waliobuni walitenganisha tangu mwanzo programu na kioo: programu iwe huku, kioo kiwe kule. Kinachowachanganya wanafunzi wengi ni kwamba kwenye X, "seva" ni kompyuta iliyo mbele yako, kwa sababu ndiyo inayotoa huduma ya kioo. Lile dude kubwa la Ulaya ndilo mteja!

Tatizo la X ya zamani ni kwamba kila kitu kilipita uchi. Aliye njiani aliweza kusoma. Mwaka 1995 mtafiti wa Finland, Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, aliandika SSH baada ya mtandao wa chuo chao kuvamiwa na mtu aliyekuwa akinasa maneno ya siri ya watu. SSH inafunga njia nzima kwa maandishi ya siri, na X ikapata mahala pa kupita salama. Kwa hiyo wadau mkumbuke hili tukifika kwenye sheria: chombo hichi kilibuniwa kumzuia mwizi.

KWA NINI HAYO YATUHUSU SIE WA UNGUJA?

Chukueni mfano wa kwetu. Kuanzia 2016 ulifanyika mradi wa kupiga picha visiwa vyetu kwa droni, Zanzibar Mapping Initiative, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na SUZA na Benki ya Dunia. Vijana wetu wa SUZA walirusha droni wenyewe.

Sasa piga hesabu. Tuseme kila nukta ya picha ni sentimita 7 ardhini. Mita moja ya mraba inakuwa na nukta kama 204. Unguja ina kilomita za mraba 1,600 na kitu. Ukizidisha, na kila nukta ikichukua baiti 3 za rangi, unakaribia terabaiti 1 kabla ya kubanwa. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, isiyokatika hata dakika moja (haya, ota ndoto), kuishusha yote ni zaidi ya siku 9. Mwanafunzi gani ana bando la hivyo?

Njia ya busara ni kuuacha mzigo ulipo na kuleta dirisha. Kijana wa Jang'ombe au Makunduchi anaweza kufanya kazi ya kompyuta ya mamilioni kwa kutumia mkweche. Mtaka cha mvunguni huinama, na hapa kuinama kwenyewe ni kujifunza amri tatu nne tu. Hii ni ajira, jamani.

KAMBA INA UREFU WAKE

Lakini tusidanganyane. Ukijaribu leo kufungua programu nzito namna hii utaona inatambaa kama kobe, na wengi hulaumu "kasi ndogo". Mara nyingi kasi siyo tatizo. Tatizo ni umbali. Programu ya X inaulizana na kioo maswali mengi madogo madogo, na mara nyingi inangoja jibu kabla ya kuendelea. Tuseme kufungua dirisha moja kunahitaji safari 1,000 za kwenda na kurudi:

- Mashine ikiwa Dar, safari moja milisekunde 5: unangoja sekunde 5.
- Mashine ikiwa Ulaya, safari moja milisekunde 150: unangoja dakika 2 na nusu.
- Ukipita kwenye satelaiti zile za juu, kilomita 36,000, safari moja milisekunde 600: unangoja dakika 10.

Ukinunua bando kubwa zaidi namba hizo hazishuki. Mwanga wenyewe ndani ya mkongo una mwendo wake.

Halafu kuna siku kamba inakatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Samaki hakung'ata mkongo siku hiyo, wala nanga haikuuburuza.

Kwa mtu wa kawaida siku tano zile zilikuwa za kukosa habari za jamaa, na hilo peke yake ni zito. Kwa kijana wa SSH kulikuwa na jingine juu yake. Kwenye X ya kawaida, kamba ikikatika programu inakufa pale pale, pamoja na kazi ambayo hujaihifadhi. Na yule tajiri wa Ulaya anaona mfanyakazi katoweka, hapokei, hajibu. Anatafuta mwengine Nairobi au Manila.

Wenye umri wangu mnakumbuka umeme. Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, halafu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 miezi mitatu, kwa sababu tulikuwa tunategemea waya mmoja chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Ras Fumba. Mji Mkongwe ulijaa moshi wa majenereta. Somo tulilipata: ukitegemea kamba moja, anayeishika ndiye anayekushika. Waya mpya wa umeme ulikuja 2013. Kwa upande wa intaneti, nauliza, somo tumelichukua?

TURUDI KWENYE SWALI: SSH NI VPN?

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo kwamba watu na makampuni wanaotumia VPN wajisajili na kutoa taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Walisimama juu ya Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020, kanuni ya 16, inayokataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia au programu inayomwezesha mtu kufikia maudhui yaliyokatazwa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Nikamwambia kijana hivi: mdogo wangu, SSH siyo VPN. VPN inachukua mawasiliano yako yote na kuyatoa upande wa pili kana kwamba wewe uko kule. SSH inakupeleka kwenye mashine moja unayoijua, ukafanye kazi, basi. Lakini nisikufiche, ukiiongezea alama -D, SSH hiyo hiyo inaweza kukutoa upande wa pili kama VPN. Na anayechungulia kutoka nje hatofautishi kirahisi. Anaona anwani mbili, saa, na wingi wa data. Ndani haoni.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kanuni inayotazama chombo badala ya kitendo inamweka fundi na mhalifu kwenye kapu moja. Kisu kipo jikoni kwa kila mama wa Unguja, hatuvisajili visu. Mabenki, vyuo na ofisi za serikali zenyewe zinaendesha seva zao kwa SSH kila siku. Kwa maneno ya kanuni yakisomwa kwa ukali, nani atabaki nje?

Wapo watakaosema: we mwandishi, matapeli wamejaa, serikali lazima ijue nani anafanya nini. Nakubali matapeli wapo. Lakini ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii" umekuja kwako kwa SSH? Umekuja kwa meseji ya kawaida kabisa, kwa laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Tapeli hahitaji amri za Linux. Anayezihitaji ni kijana anayetafuta kazi.

Na kuna mkanganyiko mwengine. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ilizindua Silicon Zanzibar, kuyaita makampuni ya teknolojia yaje Fumba. Vizuri sana, naunga mkono. Lakini kampuni ya programu bila njia za siri za kufikia mashine zake ni sawa na ngalawa bila tanga. Na posta na simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo kanuni hizi hazipitii Baraza la Wawakilishi. Mkono mmoja unaita wageni, mkono mwengine, ulioko bara, ndio wenye ufunguo wa mlango. Wawakilishi wetu na wabunge wetu wanatakiwa waseme kitu hapo.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo: andikeni wazi, kwa Kiswahili, kwamba kutumia SSH kwa kazi, masomo na kuendesha seva siyo kosa. Mistari miwili inatosha. Hofu ya kijana yule itakwisha siku hiyo hiyo.

WAKATI TUNANGOJA, FANYENI HAYA

1. Tumieni xpra badala ya X tupu kwa kazi ndefu. Hii inashikilia programu kule hata kamba ikikatika huku. Umeme ukirudi unaunganisha tena na kukuta dirisha lako kama ulivyoliacha. Kwa kazi za maandishi matupu, tmux inafanya hivyo hivyo.

2. Ongezeni -C ili data ibanwe. Inasaidia kwenye laini dhaifu, ingawa umbali haiuondoi.

3. Msitumie -Y kwa mashine msiyoiamini. Inafungua mlango wote: mwenye mamlaka kamili kule anaweza kusoma unachopiga kwenye kibodi hapa. Na kwenye Debian na Ubuntu, -X imewekwa ifanye kama -Y, kwa hiyo msijione salama kwa herufi moja.

4. Kwenye kompyuta ya kafe msiache ufunguo wenu wa SSH. Na SSH inalinda njia tu, haiwezi kukukinga na programu ya kunasa herufi iliyopandwa kwenye kompyuta unayotumia. Kazi ya pesa fanyieni kwenye laptopu yenu, hata kama ni mkweche.

5. Wekeni karatasi za kazi: mkataba, barua pepe za tajiri, ankara. Ukiulizwa unafanya nini humo, uwe na la kuonesha.

Kijana nilimwambia aendelee na kazi yake na aache kunong'ona. Akafungua laptopu, akapiga amri yake, tukakaa wawili tunalitazama dirisha linajichora polepole, ukingo kwanza, kisha menyu, kisha ramani. Ilikuwa ramani ya mji wa huko kwao tajiri, mitaa tusiyoijua. Dakika mbili na ushei. Akaanza kazi.

Nawasilisha. Wenye kafe, wanafunzi, na mliowahi kupoteza kazi Oktoba ile, semeni hapo chini yaliyowakuta. Matusi nitafuta, hoja nitaziacha hata zikinipinga.