Vasco da Gama kwenye tembre: rubani wake yuko wapi?

KINDU – Leo siandiki juu ya barabara wala bei ya mafuta. Naandika juu ya kipande cha karatasi kidogo kuliko kibiriti.

Juma lililopita niliingia katika shule moja ya hapa mjini. Jina lake nalificha, maana mwalimu ni mtu mwema. Ukutani nikakuta fotokopi ya rangi ya tembre za zamani za Wareno, na chini yake maneno haya: «Vasco da Gama, aliyefungua Bahari ya Hindi». Watoto walikuwa wakiyanakili kwenye daftari. Nikamuuliza mwalimu, alimfungulia nani? Akacheka. Mimi sikucheka.

Tembre hizo zilitolewa mwaka 1898, kuadhimisha miaka 400 ya safari yake. Zilichapwa London na kampuni ya Waterlow, picha nane. Kuna merikebu zinazoondoka, kuna kupanda chomboni pale Rastelo, kuna kufika Calicut, kuna malaika Gabrieli, kuna mshairi Camões, na kuna Gama mwenyewe na ndevu zake. Kazi nzuri ya mikono, sikatai. Lakini angalia vizuri: zile zilizotengenezwa kwa makoloni ya bara letu zimeandikwa AFRICA, na katika picha zote nane hakuna Malindi, hakuna Mombasa, hakuna Kilwa. Kutoka Ureno unaruka moja kwa moja mpaka Uhindi.

Basi tuseme kilichorukwa. Gama alifika Malindi Aprili 1498, hajui njia ya mbele. Mfalme wa Malindi akampa rubani. (Zamani rubani alikuwa mtu wa chombo cha baharini, kabla ya ndege kumchukua.) Wengine humtaja Ibn Majid wa Oman, wanahistoria wengi hawakubali tena, yaelekea alikuwa Mgujarati. Kwa vyovyote mtu huyo aliijua bahari na aliujua upepo wa kusi. Waliondoka tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Siku 26.

Kurudi, Gama hakungoja kaskazi. Aliondoka pwani ya Uhindi tarehe 5 Oktoba, akafika tena Malindi tarehe 7 Januari 1499. Miezi mitatu, watu wakifa kwa ugonjwa wa ufizi, hata baadaye akachoma merikebu yake moja, São Rafael, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Huyo ndiye aliyefungua bahari? Bahari ilikuwa wazi. Wenyeji walikuwa wakipita kila mwaka na kurudi nyumbani na pepo zao.

Na hayo ndiyo mepesi. Kitabu cha safari, kilichoandikwa na mtu wa msafara wake mwenyewe, kinasimulia jinsi mateka wawili walivyodondoshewa mafuta ya moto mwilini huko Mombasa ili waseme. Mwaka 1502 alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa dhahabu. Mwaka huohuo aliikamata merikebu ya mahujaji waliotoka Makka, akaichoma na watu ndani, wanawake wakiwemo.

Najua nitakavyojibiwa: kila mtu ni wa zama zake. Sawa. Tomé Lopes naye alikuwa wa zama zilezile, tena katika msafara uleule, na alipoandika habari ya merikebu ile hakuficha uchungu wake.

Sasa mtu wa Maniema ana shida gani na mambo ya Malindi? Anayo. Mwaka 1913, Ureno ikiwa imeshamfukuza mfalme wake na kuwa jamhuri, posta yake ilichukua masalio ya tembre hizo, hata zile zilizochapwa kwa ajili ya Macau na Timor, ikazipiga muhuri REPUBLICA CONGO na kuzitumia katika Kongo ya Wareno, yaani upande wa Cabinda. Mfalme alitupwa, Gama akabaki. Na watu wa Cabinda walibandika kwenye barua zao karatasi iliyokusudiwa Wachina.

Hapa kwetu Wabelgiji walifanya mchezo huohuo. Tembre za mwaka 1928 zinaonyesha sura ya Stanley peke yake. Yule aliyemsindikiza na watu wake kutoka Nyangwe mwaka 1876, Tippu Tip, hayumo. Wala wapagazi hawamo. Nyangwe ni hapa hapa kwetu, jamani, na wajukuu wa wapagazi wale huenda ndio wanaonakili ukutani.

Sisemi picha ishushwe. Ninaomba chini yake ziandikwe tarehe nne: 24 Aprili, 20 Mei, 5 Oktoba, 7 Januari. Watoto wahesabu siku wenyewe, kisha waulizwe nani alikuwa anaijua bahari. Mwalimu amekubali, kalamu ya wino anayo. Mkuu wa shule anasema lazima kwanza aulize ngazi za juu, na mpaka naandika haya alasiri hii, maneno ya zamani bado yako ukutani.