Mpagazi wa Kariakoo Naye Achongwe

Msafiri ashukaye bandarini kutoka Unguja, akaingia mjini hadi Mtaa wa Samora, hukutana na sanamu ambayo wazee wa Dar es Salaam huiita ya Bismini. Ni askari Mwafrika aliyeinama akisonga mbele, bunduki mikononi, singe imeelekezwa bandarini. Ilisimamishwa mwaka 1927, na aliyeifanya ni Mwingereza, James Alexander Stevenson.

Fundi huyo alijua kazi yake. Alichagua shaba nyeusi, wala hakukosea. Jiwe lingemlazimisha kumsimamisha askari wima kama nguzo, maana bunduki iliyochomoza ingevunjika. Umbo la shaba hufinyangwa kwanza kwa udongo, likatengenezewa kalibu, ndipo madini yaliyoyeyuka yakamiminwa. Likishapoa huweza kujibeba lenyewe. Ndiyo maana mwili ule unaonekana kama utapiga hatua nyingine, na karibu miaka 100 ya chumvi na masika haijauangusha.

Wajerumani walikuwa wameweka mjini sanamu yao mwaka 1909. Gavana Wissmann alisimama juu, na askari Mwafrika alikuwa chini akimtazama. Stevenson alimpandisha askari juu. Lakini kuna mtu ambaye hata yeye hakumpandisha, naye ni mpagazi. Maandishi ya msingi wa sanamu yanamtaja, shaba haimwonyeshi. Wala si kwamba fundi alishindwa, kwani Nairobi, mwaka 1928, aliwaweka watu watatu pamoja, na mmoja wao ni mpagazi.

Nasi ndio tuliobaki na jina lake. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi mahali ambapo wenyeji waliona vyema kupaita Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba habari hii ni ya Bara peke yake. Mwaka 1917 watu wa Unguja nao walichukuliwa kwenda kubeba mizigo, na wako ambao hawakurudi.

Watakuwako watakaouliza kwa nini tuwaenzi waliobeba mizigo ya wakoloni. Sisi tunajibu kwamba wengi hawakuulizwa. Kumkumbuka aliyetwishwa si kumsifu aliyemtwisha.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa Halmashauri ya Jiji, Makumbusho ya Taifa na Baraza la Sanaa la Taifa. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na serikali ikagharimia kulijenga upya. Mahali palipopata soko jipya hapakosi nafasi ya sanamu moja. Nayo isiagizwe ng'ambo. Wachongaji wetu wa Kimakonde wanao mtindo wa ujamaa, ambao watu wengi huchongwa katika gogo moja, huyu akimbeba yule kwa bega na kichwa. Hakuna umbo linalomfaa mpagazi kuliko hilo. Mpingo una shina jembamba, na jua la nje huupasua. Basi mfano uchongwe kwa mpingo, kisha umiminwe kwa shaba ili udumu.

Aidha, wachongaji waitwe mapema, wakati wa kuchagua mahali na umbo, wasiitwe siku ya uzinduzi kupiga makofi. Na majina yao yaandikwe kwenye msingi, kama jina la Stevenson linavyokumbukwa.

Kila siku, alfajiri hadi usiku, vijana hupita Kariakoo na magunia mabegani. Wanastahili kumwona aliyewatangulia.