NGOMA YA KWENYE SIMU: YAFAA AU HAIFAI?

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya wakati wa likizo, nalo ni kufanya mazoezi ya viungo nyumbani kwa kufuata masomo ya kwenye mtandao. Masomo hayo ni ya namna nyingi, lakini mimi nitataja yale yanayofanywa kwa muziki na ngoma za sherehe za watu mbalimbali wa dunia. Wako wanaoyasifu mno, na wako wanaoyadharau kuwa ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mimi nimeyafanya kwa majuma matano, wala si peke yangu, kwa hiyo nadhani nina haki ya kutoa maoni.

Chanzo chake ni hiki. Mama yangu ni fundi cherehani, nasi twakaa Mbagala, Dar es Salaam, katika nyumba yenye wapangaji wanne. Kazi ya cherehani ni kazi ya kukaa. Mama hukaa tangu asubuhi mpaka jioni, na miguu yake haina kazi nyingine ila kukanyaga cherehani. Mwezi wa Novemba mwaka jana alipimwa akaonekana ana presha. Daktari akampa dawa, akamwambia apunguze chumvi, tena afanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika zisizopungua 150 kila juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Mama aliposikia hesabu hiyo alicheka, akasema, "Nusu saa hiyo nitaishona wapi?"

Nilipofika nyumbani likizo ya Desemba tulijaribu kutembea jioni. Haikudumu. Kila hatua kumi alikutana na mteja anayeuliza gauni lake, na wengine walimwuliza anakwenda wapi na hali hana mzigo wala safari. Ndipo nikafikiri habari ya simu. Tukaisimamisha juu ya meza, tukavuta viti pembeni, mama akajifunga kanga kiunoni, tukaanza. Bibi yangu, aliyekuja kutoka Kisarawe kututembelea, alikaa juu ya mkeka akawa mtazamaji na hakimu.

Kufanya mazoezi kwa ngoma si jambo lililozaliwa jana. Wasomaji wengi wamesikia jina la Zumba. Ilianzishwa na Alberto Pérez, mwalimu wa mazoezi katika mji wa Cali, nchi ya Kolombia, miaka ya 1990. Yeye mwenyewe husimulia kwamba siku moja alisahau kanda ya muziki wa mazoezi, akatumia kanda zake za salsa na merenge, na wanafunzi wakafurahi kupita siku zote. Kisha mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, masomo ya namna hii yakaenea sana. Wakati huo Gurdeep Pandher, anayekaa Yukon, kaskazini ya Kanada, alijulikana pote kwa kucheza bhangra juu ya theluji na kuwapelekea watu picha zake ili wachangamke.

Sasa nieleze masomo matatu tuliyoyafanya zaidi. Walimu wake sitawataja, kwa kuwa nia yangu ni kupima masomo wala si kuwaaibisha watu.

Somo la kwanza lilikuwa la bhangra, ngoma ya Wapunjabi. Nchi yao iligawanywa mwaka 1947, sehemu moja ikawa Uhindi na nyingine Pakistani. Wapunjabi si wageni kabisa kwetu Afrika Mashariki, maana wengi wa vibarua walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, kati ya miaka 1896 na 1901, walitoka huko. Somo lilihusu sikukuu ya Vaisakhi, ambayo huangukia tarehe 13 au 14 Aprili, wakati wa mavuno ya ngano. Kabla ya kuanza, mwalimu alieleza kwa dakika mbili kwamba ngoma inayoongoza huitwa dhol, hupigwa pande zote mbili kwa fimbo mbili, moja nene na moja nyembamba, na kwamba hatua nyingine zafanana na kazi za shambani. Nilimtafsiria bibi. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hao ni wakulima. Wacheze." Basi tukacheza. Mikono hukaa juu ya mabega muda wote na miguu hurukaruka, na baada ya dakika nane mama alikuwa akitweta. Tulipunguza mwendo, maana mazoezi ya kiasi ni yale ambayo mtu aweza kusema maneno lakini hawezi kuimba, naye mama hata kusema alikuwa hawezi. Hilo ndilo kosa la somo lile: halikuanza polepole kulainisha viungo, na kuruka juu ya sakafu ya saruji kuliumiza goti la mama siku mbili.

Somo la pili lilikuwa la soka, nami sisemi soka ya mpira bali muziki wa kisiwa cha Trinidad, ulioanzishwa miaka ya 1970 na mwimbaji Garfield Blackman, aliyejulikana kama Lord Shorty. Watu wa huko hufanya sherehe kubwa ya Kanivali siku ya Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu. Wako wengi kati yao walio wajukuu wa watumwa waliotolewa Afrika, na sherehe hiyo imebeba kumbukumbu ya kuwekwa huru kwao. Serikali ya Kiingereza ilizipiga marufuku ngoma zao katika miaka ya 1880. Wao wakapiga mianzi, na baadaye wakatengeneza ala kwa mapipa ya chuma ya mafuta. Habari hizo hazikuwamo katika somo, nilizisoma baadaye. Lakini somo lenyewe lilikuwa zuri kwa mwili: lilianza kwa kutembea, likapanda taratibu, likashuka taratibu. Tena hatua zake ni za kiuno. Mama hakuhitaji kufundishwa. Alicheka akasema, "Hawa ni ndugu zetu, hapana haja ya cheti." Baba alipobisha hodi tuliketi upesi, mimi nikajifanya nasoma.

Somo la tatu liliitwa sherehe ya Afrika. Tuliliweka la mwisho tukidhani litakuwa tamu kuliko yote. Mwalimu alivaa kitambaa cha rangi nyingi, akapaza sauti kwamba leo tutasherehekea kwa ngoma ya Kiafrika. Hakusema ni Afrika ipi. Ngoma zilipigwa, mikono ikatupwa huku na huku, na kila baada ya dakika moja hatua ikabadilika bila sababu. Bibi aliangalia mpaka nusu, kisha akaniuliza, "Hii ni ngoma ya nani?" Sikuweza kumjibu. Akauliza tena, "Wanasherehekea nini? Wamevuna, wameoa, au mwali anatoka?" Sikuweza kujibu hilo pia. Bibi akageuza uso akaendelea kuchambua mchicha.

Kwa maoni yangu, maswali yale mawili ya bibi ndiyo mizani ya kupimia masomo haya yote. Somo lisiloweza kusema ngoma ni ya nani, na sherehe ni ya nini, limechukua nguo likaacha mtu. Jasho laweza kutoka, nakubali. Lakini jasho hutoka hata kwa kuruka kamba, na kamba haidai kuwa ni sherehe ya mtu.

Yako na makosa mengine yanayoyapata masomo yote, mabaya kwa mazuri. Gharama ni mojawapo: bando la GB moja lilituishia kwa siku nne, na picha ikikwama mguu mmoja hubaki hewani ukingoja. La pili, mwalimu hakuoni. Siku moja nilikuwa nimekaa nakunywa maji, naye akanisifu kwa sauti kubwa kwamba nafanya vizuri sana, niendelee hivyohivyo. Mwalimu wa namna hiyo akikosa kukuona leo hatauliza kesho.

Na hapo ndipo nilipojifunza jambo kubwa kuliko yote. Nilirudi shuleni mwezi wa Januari nikiwa na furaha, maana mama aliahidi kuendelea. Siku ya wazazi ya mwezi wa Machi alikuja kunitazama. Nilimwuliza habari za mazoezi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ulipoondoka niliendelea siku sita tu. Nilijiona kama mwendawazimu, kucheza peke yangu mbele ya simu." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nilikuwa nimedhani muziki ndio uliomwinua kitini. Kumbe ni mtu wa kucheza naye. Sherehe ni watu, na sisi tuliileta nyumbani bila watu.

Basi katika likizo fupi ya Aprili sikuanza na simu. Nilianza na milango ya wapangaji wenzetu. Nilibisha kwa jirani anayekaanga maandazi, nikabisha kwa mwingine anayeuza mkaa, nao hukaa kitako kama mama. Sasa wako wanawake wanne. Hukutana uani siku ya Jumatano na Jumamosi jioni, na siku nyingine hutembea wawili wawili. Simu huwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bando likiisha, ndoo yenyewe huwa ngoma, na bibi akiwapo huwapigia mdundiko. Sitasema kwamba presha imeshuka kwa ajili ya ngoma tu, maana dawa anazimeza kila siku kama alivyoagizwa, wala mtu asiziache kwa kusoma makala yangu. Nasema tu kwamba akikosa siku moja, mlango wake hugongwa.

Najua wako watakaosema kwamba kucheza ngoma za wageni ni kuacha zetu. Sikubaliani nao. Mama hakuacha kuwa Mzaramo kwa kurukaruka kama mkulima wa Punjabi, bali alipata kumheshimu mkulima huyo. Lakini nakubaliana nao katika neno hili: mbona hatufanyi masomo kwa ngoma zetu wenyewe? Mdundiko huchezwa njiani, watu hufuata kutoka mtaa mpaka mtaa, na atakayeufuata kwa nusu saa atakuwa ametimiza agizo la daktari. Wamakonde wana sindimba, na sijui zoezi la kiuno na mapaja linaloishinda. Bibi alinionya jambo moja, nami nalipeleka kwenu kama nilivyolipokea: si kila ngoma ni ya kutolewa nje. Zilizo za njiani ni za wote, na za unyagoni zibaki unyagoni. Atakayetengeneza somo aanze kwa kuwauliza wazee ni ipi ya njiani.

Mwisho nina maneno kwa shule yetu. Kila alfajiri twakimbia mchakamchaka tukiimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, na kwa kuitikia twapata nafasi ya kuvuta pumzi. Hayo ni mazoezi kwa muziki, tena bila bando. Lakini twayakimbia kama watu wanaoadhibiwa, na sisi wa Kidato cha Nne twatafuta kila hila ya kubaki bwenini na kitabu, kwa kuwa mtihani wa taifa u karibu. Shirika lile lile la afya lashauri kwamba vijana wa umri wetu wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Anayekaa dawatini tangu alfajiri mpaka saa nne za usiku anajifunza kazi ya mama yangu mapema, pamoja na maradhi yake.

Kwa hiyo natoa shauri. Kikundi chetu cha ngoma kichague ngoma mbili za njiani, kizipange ziwe somo la dakika 20, lenye mwanzo wa polepole na mwisho wa polepole, na mtu mmoja aeleze kwa ufupi ni za nani na huchezwa lini. Siku ya mahafali, badala ya wazazi kukaa chini ya turubai saa nne wakitutazama sisi tu, nao waombwe kusimama na kucheza. Kisha kila mzazi atafute kati ya waliosimama karibu naye mtu wa mtaa wake au kijiji chake, waendelee pamoja watakaporudi nyumbani.

Ukiniuliza, basi, ngoma ya kwenye simu yafaa au haifai, nitajibu kwamba yafaa kwa kuanzia. Ukiifuata, chagua ile inayotaja wenyewe. Na kabla hujaifungua, kamgongee jirani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne